Kikechua cha Wageni

Fortunata Huillca alikuwa amewafundisha wageni kumi na mmoja Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Peru, na mwanawe wa kumzaa hakumfundisha. Ukimwuliza kwa nini, jibu alikuwa nalo tayari. Nélida alipoanza darasa la kwanza pale bondeni Calca, alirudi nyumbani analia kwa sababu wenzake wamemcheka lafudhi ya milimani. Siku ile ile Fortunata aliapa kwamba mtoto huyu hachekwi tena. Tangu hapo akamsemesha Kihispania tu, hicho hicho cha kubahatisha alichokiokota sokoni. Usimhukumu haraka, maana nusu ya akina mama wa bonde lile wamefanya vivyo hivyo, na wote walifanya kwa mapenzi.

Kisha wageni wakaanza kuja. Walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, wanaolipiwa ufadhili waje kukaa na familia miezi miwili, wajue lugha ya watu wa Andes na maisha yao. Sharti lilikuwa moja: jikoni ni Kikechua kitupu. Sasa Nélida alikuwa na mdomo, na kila akiingia jikoni anamwaga Kihispania, mgeni naye anafurahi kupumzika. Ikabidi awe anatolewa.

"Nenda kawape simbilisi majani. Unamharibia mwenzio somo."

"Mwenzangu gani, Mama? Ana miaka ishirini na sita!"

"Toka, domokaya wee!"

Mtoto akatolewa jikoni kwao, mwaka baada ya mwaka, ili mgeni asome vizuri.

Nélida alipofika miaka ishirini na tatu, amemaliza chuo Cusco, chuo kikuu kimoja cha huko Marekani kikatangaza ufadhili wa shahada ya uzamili kwa vijana wa Andes wenyewe. Nafasi moja tu. Usaili ni nusu saa, kwa Kikechua. Na msaili ni nani? Kirsten, mgeni wa tatu wa Fortunata, ambaye sasa ni profesa.

"Kirsten ni mtoto wangu," Fortunata alitamba. "Aliharisha wiki nzima, nikamkanda tumbo kwa mikono hii. Atakunyima yule?"

"Atanipima, Mama. Hatakuja kuniuliza habari za tumbo lake."

Wakajifunza wiki sita. Salamu zilimwingia Nélida, na majina ya wanyama, na hesabu mpaka ishirini. Zaidi ya hapo ulimi ulikataa.

Siku ya usaili Nélida aliweka kompyuta kwenye meza ya jikoni, kwa kuwa mtandao ulishika hapo tu. Fortunata alikaa karibu na jiko, pembeni ambako haonekani, akipukuchua mahindi. Sauti ya Kirsten ilipotoka, alishtuka. Kilikuwa Kikechua chake mwenyewe, hata ile namna yake ya kuguna kabla ya kucheka.

"Nisimulie kwenu siku ya kupanda viazi inavyokuwa," Kirsten aliuliza.

Swali jepesi kuliko yote duniani! Nélida alisema viazi ni vizuri. Akasema mama anapanda. Kisha akarudia kwamba viazi ni vizuri, na Fortunata akashindwa kuvumilia. Alijibu yeye, kutoka pale pembeni: majani ya koka yanayotolewa kwanza kama sadaka kwa ardhi, maksai wanavyofungwa nira, na jinsi ambavyo mwanamke ndiye anayetia mbegu ardhini.

"Mama Fortunata! Ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu." Fortunata akasogea mbele ya kompyuta. "Umekonda!"

"Goti lako je?"

"Limekuwa adui. Umeolewa?"

Wakacheka, Mungu awasamehe. Nélida alikaa katikati yao akimtazama huyu, akimtazama yule, haelewi wanachocheka.

Kirsten ndiye aliyeshtuka kwanza. Akageukia Kihispania, macho yamemjaa machozi. "Nélida, sitaki ukae unasubiri barua. Mwombaji mwenzako kutoka Puno amezungumza nusu saa nzima. Nisamehe."

Nélida alifunga kompyuta. "Mlikuwa mnacheka nini?"

"Habari za goti tu."

"Kwa nini yeye, Mama? Kwa nini wote kumi na mmoja, mimi nisiwemo?"

"Nilitaka wasikucheke."

"Bora wangenicheka."

Ndipo akalia, kichwa mezani. Fortunata alimshika mabega akamwambia kwa Kikechua maneno ambayo yeye mwenyewe aliambiwa na mama yake utotoni, yale yale aliyomwambia Kirsten alipolilia kwao. Yalitoka yenyewe, matamu, yote.

Nélida aliinua uso. "Unasema nini?"

Fortunata aliyatafuta kwa Kihispania. Alikuta bei za vitu, vaa sweta, wahi shule, nyamaza. Alitafuta tena, asipate kitu.

"Kuna supu," akasema. "Kula."