Pendo Hajarefuka

Jumanne hiyo, saa moja kasorobo asubuhi, Chelagat alikuwa jikoni kwao mtaa wa Section 58 akipiga pasi koti la kung'aa lililokataa kunyooka, na mama yake, Jeruto, alikuwa akigeuza chapati, ndipo mlango wa nyuma ukafunguka akaingia Pendo. Alikuwa na gauni la manjano na nywele zilizosukwa matuta manne. Alikuwa na miaka saba. Alipangusa miguu mlangoni, akavuta stuli, akaketi.

"Nawa mikono kwanza," Jeruto alimwambia, akamwekea chapati.

Chelagat alimtupia jicho mara moja, akarudi kwa pasi yake. Alimjua. Pendo alikuwa yeye mwenyewe, mhusika aliyemwigiza kila Jumamosi jioni kwenye televisheni, tangu alipokuwa darasa la kwanza hadi alipomaliza la saba. Katika kipindi hicho Pendo alikuwa na miaka saba kwa miaka saba mfululizo. Alikuwa akiwakodolea macho wazazi wake wa kuigiza na kuuliza, "Kwani watu wakubwa hawaoni?" na nchi nzima ikicheka. Kisha Chelagat alirefuka mwezi mmoja wa likizo, kipindi kikafungwa, na sasa alikuwa na miaka ishirini na moja akijaribu kuwa mwanamuziki.

Pendo alikula chapati sita. Akaomba ugali uliobaki jana, akaula. Akala ndizi tano, na nusu ya mkate. Alikula polepole, bila pupa, kama karani anayepiga mihuri kwenye rundo la fomu. Chapati zilipokwisha alitulia, akangoja kuona kama kuna zingine.

Saa tatu akafika Zeddy, meneja wa Chelagat, kijana aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alimzunguka Pendo mara mbili.

"Huyu amekuja wakati poa sana," alisema. "Tutamtumia kwa launch ya wimbo."

Zeddy alikuwa na elimu yake kuhusu namna mtoto wa televisheni anavyogeuka kuwa msanii mzima. Jina lilipaswa kukatwa, ndiyo maana Chelagat akawa Chela. Picha za video zilipaswa kupigwa mahali pa watu wazima, ndiyo maana walipiga Salgaa, katikati ya malori, Chelagat akiwa ameegemea tairi kwa muda wa saa nne. Na wimbo wenyewe ulipaswa kueleweka, ndiyo maana uliitwa "Nimekomaa" na neno hilo lilirudiwa mara arobaini na moja. Madereva wa Salgaa walitazama kazi yote kwa heshima. Mwishowe mmoja akashuka kwenye lori, akampa Chelagat peremende, akamwuliza anasoma darasa la ngapi.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja mjini Nakuru. Mpango wa Zeddy ulikuwa rahisi: Pendo apande jukwaani, amkabidhi Chela kipaza sauti, awapungie watu mkono, aondoke. Huko ndiko kungekuwa kuuaga utoto.

Pendo alipanda, akawatazama watu, akauliza, "Kwani watu wakubwa hawaoni?"

Ukumbi ulisimama wote. Wanaume wenye ndevu walilia. Mama mmoja aliyekuja na watoto wake aliwasahau chini ya meza. Walimtaka aulize tena, naye akauliza mara tisa, kisha akamkabidhi Chelagat kipaza sauti kama alivyoagizwa, akashuka kutafuta sambusa. Chelagat akaimba. Aliimba vizuri, kwa sauti ya mwanamke mzima, na watu wakaanza kukumbuka walikoegesha magari. Alipofika kwenye "nimekomaa" ya kumi na nane, mtu fulani akapaza sauti kutoka nyuma: "Rudisha mtoto!"

Huko nyuma alikuwa ameketi Bwana Ndegwa, mtayarishaji wa kile kipindi cha zamani. Hakuwa amemtazama Chelagat hata kidogo. Alikuwa akimtazama Pendo pale kwenye meza ya sambusa.

"Hajarefuka hata kidole," alisema, kwa utulivu wa mtu aliyejaribu suruali yake ya harusi ikamtosha.

Asubuhi iliyofuata alikuwa sebuleni Section 58 na mkataba wa kwanza, ule ambao Jeruto aliutia sahihi Chelagat akiwa na miaka sita. Aliufungua ukurasa wa nne akasoma kwa sauti ya upole. Kampuni ilimiliki jina, sura, sauti na utoto wa msanii, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake.

"Mama, uliusoma huu?" Chelagat aliuliza.

"Niliusoma. Nilidhani ni Kiingereza tu."

Ndegwa alitoa tepu ya fundi nguo, akampima Pendo kuanzia kisigino hadi utosini, akaandika kwenye daftari. Alisema kazi itaanza baada ya wiki mbili, na kwamba Mama Chela anakumbuka utaratibu wa chakula. Kisha akaaga, akaenda.

Chelagat alimgeukia mama yake. "Utaratibu gani wa chakula?"

Jeruto alinyoosha kitambaa cha kochi ambacho kilikuwa kimenyooka tayari. "Alisema ukirefuka kipindi kinakwisha. Kwa hivyo nikawa nakupunguzia."

"Ulikuwa unaninyima chakula?"

"Sikukunyima. Nilikupunguzia. Ungekuwa mimi ungefanya nini? Baba yako alikuwa ameshazikwa, na kuta za hii nyumba zilikuwa hazijafika hata kwa lenta."

"Na wewe ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula hapo jikoni nimesimama," Jeruto alisema, "usije ukaona."

Chelagat hakulikumbuka hilo. Alikumbuka taa, na watu wakimsifu kwa kuwa mdogo. Alimtazama Pendo, aliyekuwa akiokota makombo ya biskuti ya Ndegwa kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine. Siku hiyo hiyo mchana akamshika mkono, wakaenda Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, kwa shangazi yake Cheptanui, aliyefungasha maua shambani na kukaanga samaki jioni.

Cheptanui aliwatazama wote wawili mlangoni. "Kumbe ni wewe na wewe," alisema. "Mbona huyu mdogo amekonda hivyo? Ingieni."

Pendo alikula samaki. Alikula ugali, sukuma wiki, viazi, na uji wenye maziwa asubuhi. Siku ya pili alilala mchana, jambo ambalo Chelagat hakukumbuka kuwahi kulifanya. Siku ya tatu gauni la manjano lilikuwa limepanda juu ya magoti. Siku ya nne jino la mbele likaanza kucheza, na jioni likang'oka kwenye mahindi ya kuchoma. Pendo alilitazama kiganjani, akatabasamu kwa pengo.

"Nikikua, nitakuwa wewe?" aliuliza.

"Ndiyo."

Pendo alifikiria. "Huko kwako kuna chakula?"

"Kiko."

"Basi sawa."

Jioni hiyo, akiosha masufuria nje, Chelagat alitunga wimbo. Ulikuwa mfupi, juu ya mtu anayengoja samaki aive, na neno "nimekomaa" halikuwemo. Cheptanui aliacha kukaanga akasikiliza mpaka mwisho. Pendo aliuimba naye mara ya pili, na sauti zao zikakaa pamoja kama mikono miwili ya mtu mmoja. Hakuna aliyeurekodi.

Aliyerekodiwa ni Pendo. Siku ya tano mfanyakazi mmoja wa shamba la maua alimpiga picha akitafuna muwa ufukweni, akaituma mtandaoni, na kabla ya saa sita gari la Ndegwa lilikuwa nje. Jeruto aliketi kiti cha mbele, amevaa nguo za kanisani. Ndegwa alishuka na tepu.

"Sentimita tatu," alisema, akaonekana kuumia. Akamfungua Pendo kinywa. "Jino tutaweka la bandia."

"Haendi," Chelagat alisema.

Jeruto hakumtazama. "Chela, nimeshatia sahihi."

"Mara ya pili?"

"Safari hii nilimwuliza maana. Akanieleza vizuri sana."

Pendo alikuwa tayari amepanda gari, kwa sababu alizoea kuitwa na kwenda. Chelagat alisimama pale akiwa na kisu cha samaki mkononi, na ikamjia kwamba kama hawezi kumtoa humo, angalau asimwache humo peke yake.

"Basi mniandike na mimi," alisema.

Ilitokea kwamba Ndegwa alihitaji mtu. Mwanamke aliyekuwa akiigiza mama wa Pendo alikuwa amegombea udiwani akashinda. Ndegwa alimtazama Chelagat kwa mara ya kwanza, akasema sura zinafanana kiasi cha kutosha. Zeddy alifurahi kuliko wote. Alitangaza kwamba Chela ametoka mtoto hadi mama bila kupitia popote, na kwamba katika muziki hakuna kukomaa kunakozidi huko.

Siku ya kwanza ya kazi Chelagat alikuja na yai la kuchemsha katika mfuko wa aproni. Mwanamke wa mavazi alilitoa, akalila, akaishona mifuko. Onyesho lilikuwa la familia mezani. Ugali ulikuwa wa plasta, ili usikauke chini ya taa, na kuku alikuwa wa sponji iliyopakwa rangi ya kahawia. Pendo alikuwa amerudi kimo chake cha zamani; ilichukua siku tisa tu za utaratibu wa chakula. Alikumbuka kila kitu bila kufundishwa. Aliinua kijiko kitupu hadi midomoni, akakirudisha, akakiinua tena.

"Maliza chakula, Pendo," Chelagat alisema, kama ilivyoandikwa.

Pendo alijipapasa tumbo kwa mikono miwili. "Nimeshiba, Mama."

Ndegwa akasema kata, akasema safi kabisa. Fundi wa sauti aliinua mkono. Alisema kuna ngurumo fulani imeingia hapo mwisho, haitoki kwenye mitambo, amekagua, inatoka mezani, upande wa mtoto. Ndegwa akamwambia asijali, wataifunika kwa muziki.