Neno la Pili la Skolastika

Asubuhi ya siku ya kuzika jiwe, Skolastika alimpa kaka yake maneno mawili akayaseme mkutanoni. La kwanza, jiwe la amani lizikwe kwenye ardhi ya ukoo wao wa Hondohondo, mpakani na watu wa ng'ambo ya mto, na vita viishie hapo. La pili, kizuizi cha vijana wenye bunduki kiondoke kwenye njia ya bustanini.

Naruai alimsikiliza huku akitafuna popoo. Ndivyo mambo yalivyokwenda upande wao wa kisiwa cha Bougainville: ardhi ni ya wanawake, lakini hadharani husema kaka. Mwanamke akiwa na neno humpa kaka yake, naye hulifikisha kama alivyopewa.

"Nimesikia, dada. Maneno mawili."

"Rudia."

"Wewe nawe! Mimi mtoto wa darasa la kwanza?"

"Rudia tu."

Akarudia, yote mawili.

Hilo la pili ndilo lililokuwa limemkaa Skolastika rohoni tangu mwezi wa nne. Valeria, binti wa marehemu dada yake, alisimamishwa pale kizuizini akitoka kuvuna magimbi. Vijana wawili walipekua kikapu chake, wala hawakuishia kwenye kikapu. Tangu siku hiyo Valeria alikuwa havuki ua wa jikoni, na bustani yake ilimezwa na majani. Na mkubwa wa kizuizi hicho, ingawa siku ile hakuwapo, alikuwa Benito, mtoto wa Skolastika mwenyewe.

Helikopta ilitua kwenye uwanja wa shule kabla ya saa nne. Kapteni Hadwin, wa waangalizi wa amani waliovaa fulana za njano na wasiobeba silaha, alishuka na karatasi yenye vipengele saba na nafasi sita za kutia sahihi. Kila nafasi ilitanguliwa na neno "Mzee". Wanaume waliketi chini ya turubai. Wanawake walikuwa nyuma, wakitwanga magimbi yaliyopikwa na kuyachanganya na tui.

Naruai alisimama, akalisema neno la jiwe, na akalisema vizuri mno. Watu wakapiga makofi. Akaketi.

Mchi wa Skolastika ukasimama hewani. "Amekaa?"

"Amekaa, wifi," alisema Imelda, mke wa Naruai, akichungulia. "Na maji anakunywa. Huyo keshamaliza."

Kapteni aliuliza kwa pijini yake ya kuungaunga: "Na wanawake? Wana neno?"

"Wanakubali," alijibu Naruai bila kugeuka. "Na chakula kiko tayari."

Kapteni akaandika.

Skolastika alimsubiri kaka yake nyuma ya jiko. "Neno langu moja liko wapi?"

"Dada, taratibu. Amani kwanza, njia tutaizungumza baadaye."

"Baadaye lini? Wakishapanda helikopta?"

"Ulitaka nimtaje mpwa wangu mbele ya wageni? Yule ndiye atakayekaa mahali pangu nikifa!"

"Mimi ndiye niliyemzaa, Naruai, na sikuogopa kukupa neno hilo. Wewe uliyepewa tu unaogopa nini?"

Naruai aligeuka. Akarudi kwa wenzake.

Wakati huo wanaume walikwisha kuanza kuchimba. Mawingu yalikuwa yanashuka mlimani, rubani alikuwa na haraka, na mtu alikuwa ametoa koleo jipya linalong'aa kutoka kwenye helikopta. Skolastika alichukua mti wake wa kuchimbia magimbi, akapita katikati ya watu, akaketi ukingoni mwa shimo na kuingiza miguu yote miwili ndani. Aliuweka ule mti mapajani.

Hapo ndipo wazee walipokumbuka. Shimo la jiwe hufunguliwa kwa mti wa mama mwenye ardhi. Lililochimbwa kwa kitu kingine ni shimo tu, na jiwe lake halimfungi mtu. Wote walilijua jambo hilo tangu utotoni, na wote walikuwa wamelisahau mbele ya koleo linalong'aa. Watu wa ng'ambo wakaanza kunong'ona.

"Mama, umeumia?" aliuliza Kapteni.

"Yuko kwake huyo," alidakia Imelda. "Nyie ndio mnaochimba ardhi ya watu bila hodi!"

Watu wakacheka, isipokuwa Naruai. Kapteni alimgeukia. "Mwenye ardhi nani?"

"Yeye."

"Hapa umeandikwa wewe."

"Mimi ni mdomo wake tu."

Kapteni aliitazama karatasi yake kwa muda. "Basi mdomo umesahau nini?"

Naruai alimtazama dada yake, kisha akamtazama Benito aliyesimama nyuma na vijana wake. Alipoanza kusema, sauti haikuwa ile ya jiwe.

"Nilipewa neno la pili, nikalimeza. Dada yangu anataka kizuizi kiondoke njiani. Mabinti wetu wameumizwa pale, na pale ni petu. Mkubwa wake ni mpwa wangu."

Benito aligeuka akaondoka. Wengine walidhani kafuata bunduki, wakaanza kusogea pembeni. Skolastika hakutoa miguu.

Benito alirudi na mwanzi mrefu begani, ule uliokuwa ukiziba njia. Akauweka kando ya shimo.

"Mama, toa miguu."

"Na wale wawili?"

"Nawajua. Nitawataja kwa mjomba."

"Utawataja kwa Valeria kwanza, kama anataka kuwasikia. Halafu kwa huyu mwenye karatasi."

Benito akainamisha kichwa. "Sawa, mama."

Ndipo Skolastika alipotoa miguu, akasimama, na kuuchoma udongo kwa mti wake. Mwanzi ulivunjwa vipande ukawekwa chini ya jiwe. Kapteni aliandika kipengele cha nane kwa mkono, akafuta "Mzee" la kwanza. Skolastika, aliyejifunza kusoma kwa watawa, aliandika jina lake lote juu ya jina la kaka yake, polepole. Rubani aliita mara mbili, na herufi bado zilikuwa zinaandikwa.

Kesho yake alikwenda bustanini na Valeria. Walipofika penye kizuizi, nguzo mbili za mwanzi bado zilikuwa zimesimama, kila moja upande wake. Valeria akasimama. Skolastika hakumvuta. Waliketi chini, wakatafuna popoo, wakarudi nyumbani. Siku ya pili ikawa hivyohivyo.

Siku ya tatu Valeria aliuchukua ule mti wa kuchimbia mkononi mwa Skolastika, mbele ya wanawake wote wa ukoo waliokuwa wamekuja kumsindikiza, akachimba kuzunguka nguzo ya kwanza mpaka ikalala. Ya pili akaiangusha kwa mguu.

"Kuni hizo," alisema, akapita.