Neno Lililomtoka Sensei

Nyumbani walimwita Sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani. Ulikuwa utani tu, maana binti mwenyewe alikuwa bado chuoni, akisomea Kijapani na masomo ya Asia Mashariki. Aliyempigia debe kila mahali ni shangazi yake, muuguzi. Kwa hiyo siku alipoletwa hospitali fundi mitambo wa Kijapani, mtu mzima, amejikunja kwa maumivu na hasikii lugha nyingine, shangazi hakusita: akamwambia daktari kwamba mtu anaye.

Sensei alifika anatweta. Daktari akamweleza harakaharaka kuwa kidole tumbo kimevimba na kinaweza kupasuka wakati wowote. Mgonjwa apasuliwe sasa hivi, ila akubali kwanza.

Sensei alijua majina ya watawala wa kale, alijua kumwamkia mkubwa kwa adabu zote, lakini neno la upasuaji lilikuwa limemtoka kabisa. Akaungaunga alichokuwa nacho, akamwambia yule mzee kwamba watamkata tumbo.

Mzee alimkodolea macho. Kisha akainamisha kichwa, akasema kwa upole, "Kekkō desu."

"Kakubali?" daktari akauliza.

Maneno yale yana sura mbili: yaweza kuwa "sawa", yaweza kuwa "hapana, asante". Wahudumu walishashika kitanda. Shangazi alikuwa akimtazama Sensei kwa macho ya kumsihi, na kuitikia kwa kichwa kungetosha. Lakini mkono wa mzee ulikuwa umeganda juu ya tumbo lake, kama wa mtu anayezuia mlango.

"Sijui," akasema. "Nimemwambia vibaya. Naomba nimuulize tena."

Daktari alishusha pumzi, akamwambia afanye hima.

Namna neno lile linavyotamkwa iligoma kurudi. Namna linavyoandikwa, hiyo aliikumbuka. Akainama mbele ya mzee, akachora kwa kidole juu ya kiganja chake mwenyewe: alama ya mkono, halafu alama ya ustadi. Akakosea mstari, akakisugua kiganja kana kwamba kina wino, akaanza upya.

Mzee alikifuata kile kidole, midomo ikimcheza. "Shujutsu," akanong'ona.

Ndilo. Akamuuliza Sensei kama hakuna njia nyingine, naye akamjibu bila kuzunguka kwamba hakuna. Mzee akauondoa mkono tumboni, akaomba afanyiwe, na safari hii maneno yake hayakuwa na sura mbili.

Kitanda kikaondoka. Sensei alijibwaga kwenye benchi la korido. Shangazi akaketi kando yake.

"Ungeitikia tu, mwanangu, mimi ningekuamini," akasema.

"Najua, shangazi. Hilo ndilo lililonitisha."

Daktari alipotoka alisema kidole tumbo kilikuwa kimeanza kuchanika, wamekiwahi. Akamwomba binti awepo mgonjwa atakapozinduka.

Mzee alipofumbua macho alisema maneno mengi, sauti imemkauka. Sensei hakuambulia hata nusu. Akavuta kiti karibu na kitanda, akamwomba arudie polepole.