Asubuhi Isiyo na Honi

Dereva wa mikate alikuwa na desturi yake. Kabla ya kurudi nyuma kwenye uchochoro wetu, hupiga honi mbili fupi. Watoto waliijua, wakiisikia tu, hujibana ukutani.

Asubuhi ile mjukuu wangu mchanga, baada ya kukesha na homa, ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi. Nikatoka.

"Mwanangu, leo nihurumie, usipige honi. Mtoto kalala."

"Usijali, bibi. Leo nitanyata kama paka."

Akanipa na mkate wa moto. Ni mtu mwema. Akanyata kweli.

Nilisikia kishindo kimoja. Dada wa yule mtoto mchanga ana miaka saba, tunamwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari akifunga kiatu, na gari likambana ukutani. Hakutoka damu. Alinitazama tu, kimya, midomo imepauka. Kimya kile ndicho kilichonitisha.

Jirani akasema, "Mifupa ya mtoto laini hiyo, haivunjiki ovyo. Msugue mafuta."

"Asiguswe!" dereva akasema. Aling'oa ubao wa rafu ya mikate, tukamlaza juu yake, akatupeleka hospitali.

Daktari, binti mpole, alichutama mbele ya kiti changu ili tutazamane.

"Bibi, nyonga ya mtoto kuvunjika ni nadra. Mfupa wake hupinda kwanza, kama kijiti kibichi. Hapa tunaona mmoja, wawili kwa mwaka, na wengi wao wamegongwa na gari wakiwa kwa miguu."

"Kama ni nadra, si afadhali?"

"Hapana, bibi. Mfupa laini ukivunjika, ujue ulipigwa kwa nguvu nyingi. Tunahofia vilivyo ndani: kibofu, mishipa ya damu. Amekojoa tangu aumie?"

Hakuwa amekojoa. Muuguzi akaleta bakuli. Yakatoka matone machache, mekundu. Daktari akasukuma kitanda mwenyewe. Alikaza mwendo, na mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Tukakaa kwenye benchi. Binti yangu, mama yake Chiriku, aliyekuwa ametufuata hospitali, akamgeukia dereva.

"Na honi yako leo uliimeza?"

Dereva akainama. "Nilisahau, dada. Kosa langu."

Hakunitazama. Alikuwa ananisitiri, nami nikakubali kusitiriwa, saa nne nzima, binti yangu akiwa amenishika mkono.

Daktari alirudi. "Kibofu kilichanika, tumekishona. Lakini damu bado inavuja taratibu. Siku mbili hizi ndizo tunazoziogopa."

Tuliruhusiwa hadi miguuni pa kitanda. Chiriku akafumbua jicho moja.

"Bibi, mbona hakupiga honi?"

Dereva akakohoa, tayari kujibu. Nikamwahi.

"Mimi ndiye niliyemkataza, mjukuu wangu."

Binti yangu akauachia mkono wangu.