Mheshimiwa Hataki Nyasi

Siku ya sita sasa Fundi hatulii. Anakaa, anasimama, anakwenda jikoni na kurudi mikono mitupu, kisha anainama tena mbele ya kibanda cha sungura barazani kuangalia kama nyasi zimepungua. Hazijapungua. Hata unyasi mmoja haujaguswa.

Sungura naye anamtazama tu. Binti yake Fundi alimpa jina la Mheshimiwa, na jina likamkaa sawasawa: manyoya meupe, macho ya dharau, na tabia ya kungoja aletewe.

"Kula basi," Fundi alimbembeleza. "Usinitie aibu."

Mheshimiwa akageuza kichwa.

Daktari wa mifugo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alishamweleza kwa simu. Sungura hula nyasi kavu kwanza, kwa wingi, kutwa nzima. Mboga za majani kiasi. Karoti kipande tu, kama mtoto anavyopewa peremende. Akizoea vitu laini, meno yanarefuka na tumbo linagoma. "Asipogusa nyasi mpaka Ijumaa, mlete. Ukisubiri Jumamosi utaniletea mzoga."

Leo Alhamisi.

Na angekuwa sungura tu, Fundi asingekonda hivi. Mkewe alikuwa amesafiri kikazi kwa miezi mitatu, na tangu aondoke binti yao wa miaka tisa hakupata usingizi mpaka ampapase Mheshimiwa masikio. Kila asubuhi, begi la shule mgongoni, swali lilikuwa lile lile: "Baba, amekula?" Na kila asubuhi Fundi alidanganya kwamba anaanzaanza.

Alijaribu kila kitu. Nyasi za kununua, nyasi za kukata mwenyewe kando ya barabara, nyasi zilizochanganywa na nanaa. Jumatatu alipiga magoti akatafuna nyasi yeye mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake, ili mnyama aone mfano. Mnyama aliona, wala hakuvutiwa.

"Anadeka huyu," Fundi alisema Jumanne mezani, na macho yakamwangukia mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Bibi alikuwa ameisukuma nyama pembeni ya sahani. "Na wewe Mama! Nyumba hii siku hizi kila mtu anadeka."

Bibi alicheka kidogo, akaomba chai.

Kicheko chake kilikuwa kizuri, na Fundi alijua sababu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na seti aliyomvisha mama yake mwezi uliopita ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kutengeneza. Kila mgeni aliyekanyaga baraza ile alionyeshwa. "Mama, hebu cheka kidogo." Bibi anacheka, mgeni anasifu, Fundi anavimba kichwa.

Basi Alhamisi hiyo, karakanani, mawazo yakiwa kwa sungura, akapanda jino la juu kwenye nta ya taya la chini. Makosa ya mwanafunzi! Alilitupa jino mezani, akafunga mlango saa nane mchana na kwenda nyumbani mbio mbio.

Bibi alikuwa barazani, amekaa kwenye kigoda kando ya kibanda. Alichovya mkate kwenye chai, akampa Mheshimiwa kipande. Akachovya kingine, akala mwenyewe. Meno yake yalikuwa mapajani, yamefungwa kwenye leso.

Damu ilimpanda Fundi. "Kumbe ni wewe! Mama, unamuua sungura wa mtoto!"

Bibi hakushtuka. "Bila mimi angekuwa ameshakufa Jumatatu. Hebu muangalie anavyotafuna. Anatafuna kulia tu. Chakula kikienda kushoto, anaacha. Hadeki huyu. Anaumwa."

"Umejuaje?"

Bibi alifungua kinywa.

Fundi aliinama kuchungulia, kama anavyochungulia vinywa vya watu miaka ishirini sasa. Kwenye ufizi wa chini, kushoto, palikuwa na kidonda chekundu cha ukubwa wa punje ya harage.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponivisha."

"Mwezi mzima! Mbona hukuniambia?"

Bibi aliikunja leso juu ya meno. "Ungesema nadeka."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Alimtia Mheshimiwa kwenye kikapu na kutoka mbio, maana kukimbia kulikuwa na nafuu kuliko kusimama pale.

Daktari alimulika kinywa cha sungura. Jino la nyuma kushoto lilikuwa limeota ncha, linamchoma ulimi. Akamlaza kwa dawa ya usingizi, akalisaga. "Nani alikuwa anamlisha?"

"Mama yangu."

"Mwambie asante. Halafu mwambie aache."

Ijumaa asubuhi Bibi alikalia kiti cha wateja. Fundi alikipaka kidonda wino kidogo, akamvisha meno, akayatoa. Alama ya zambarau ilikuwa imehamia kwenye meno, pale pale alipokosea. Akasaga.

"Ng'ata. Panauma?"

"Hapana."

"Mama."

"Kidogo."

Akasaga tena. Akauliza tena. Wateja wawili watatu walipita mlangoni, akawaambia wangoje.

Jumapili binti alikuwa amelala kifudifudi barazani, sikio kwenye kibanda. "Baba, njoo usikie!" Mheshimiwa alikuwa anazitafuna nyasi, na sauti ilisikika hadi jikoni. Fundi alikuja, akaondoka, akarudi tena, bado hajui aweke wapi mikono yake.

Bibi aliinama, akachukua kipande cha karoti kwenye sahani ya sungura, akang'ata.

"Bibi! Hiyo ya Mheshimiwa!"

"Mheshimiwa ameshakula," Bibi alisema, akamtazama mwanawe, akang'ata tena. Kwa upande wa kushoto.