Mshono wa Chini ya Kochi

"Omba kupunguziwa kifungo, basi. Mengine usiyachokonoe," shemeji yake, kaka wa mkewe, alimnong'oneza fundi makochi kwenye ujia wa mahakama, huku akijipangusa jasho. Fundi, pingu mikononi, alimtazama. Mfungwa ni yeye. Mbona jasho linamtoka mwenzake?

Kochi lilikuwa la shemeji huyo huyo. Alilileta karakanani libadilishwe kitambaa, na kabla fundi hajaligusa, polisi wakaingia kwa fununu, wakalipindua, wakachana kitambaa cha chini. Bastola ikaanguka sakafuni. Wengine waliitazama bastola. Fundi aliutazama mshono. Ulikuwa wa mkono, umelala kushoto, na mwishoni mafundo mawili. Mshono ule alimfundisha mtu mmoja tu: mkewe.

Hakumuuliza. Mbele ya hakimu alikiri haraka, kama mtu amezaye dawa chungu, na kochi ni la nani hakusema. Shemeji alikuwa amemhakikishia kwamba anayekiri huonewa huruma. Huruma ikawa miaka saba. Gerezani shaka ilimla kama mchwa alavyo mbao: nje nzima, ndani unga. Mkewe alipokuja kumtazama, walizungumza habari za paa linalovuja.

Sasa, kwenye rufaa yake, jaji alimkumbusha kwamba aliyekiri kosa hana rufaa ila juu ya adhabu. Je, ana la kusema? Fundi alimtazama mkewe, aliyeketi bega kwa bega na kaka yake. Akainamisha kichwa.

Mkewe akasimama.

"Mheshimiwa, kochi lile nililishona mimi."

Kaka yake alimvuta nguo, hakuketi. Jaji alimwamuru akae, kisha akamgeukia fundi na kumuuliza polepole: siku ile alikiri nini hasa?

"Nilikiri kwa sababu niliujua mkono ulioshona," fundi alisema. "Bastola sikuijua."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Mwishowe akatamka kuwa kukiri kule hakukuwa kukiri. Hukumu ikafutwa, kesi ianze upya, na fundi arudi mahabusu akisubiri. Mke abaki, polisi wachukue maelezo yake. Walipomtafuta kaka mtu, alikuwa ameshayeyuka.

Ujiani askari aliwaachia nafasi ya maneno mawili matatu.

"Ulijua kilichomo?" fundi aliuliza.

"Aliniita kwake, akaniambia kitambaa kimechanika. Nikashona. Niliona ana haraka. Sikumuuliza, ni kaka yangu. Na wewe, mbona hukuniuliza?"

Fundi aliuchunguza uso wa mkewe, akaona uchovu tu, na uchovu hausemi ukweli wala uongo.

Mlangoni aligeuka. Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, amejisogeza pembeni kabisa, kando yake pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Fundi aliiangalia ile nafasi mpaka askari akamshika kiwiko, na bado hakujua ilikuwa ya nani.