Gari Lililogonga

Mzazi mwenzangu, kama unakwenda kumchagulia mwanao gari la kukodi, lile linalolipwa kwa posho yake ya ulemavu, usiangalie rangi. Ukishatia saini ni miaka mitano.

Binti yangu Lowri hasemi. Husafiri akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Mate yakimkaba hawezi kulia, hugonga tu mkono wa kiti. Nikisikia, nasimamisha gari nimfyonze mate kwa mashine. Nisiposikia, nimempoteza.

Tulikwenda kwa wauza magari hapa mjini Llanelli, mvua inanyesha. Muuzaji, Bwana Emrys, akatutolea gari la rangi ya fedha lililorudishwa na familia nyingine. Mlango nyuma, mtoto anakaa nyuma kabisa.

“Lile la mtoto kukaa mbele, pembeni yako, ni kungoja miezi, mama,” alisema. “Hili unaondoka nalo leo leo.”

“Mbona limerudi mapema?”

“Ah, watu hubadilika.”

Sisi wazazi wa watoto wa viti tuna kosa letu. Kumfunga mtoto ile mikanda minne ni kazi, kwa hiyo tunalijaribu gari tupu. Mama mkwe wangu, Gwenda, akasema, “Nenda, mwanangu. Mie na Lowri tunamaliza biskuti za watu hapa. Wakitufukuza, nitaimba, watatubembeleza tunyamaze.”

Nikaondoka na Emrys. Mvua inapiga bati, ule ubao wa kupandishia kiti unatetema nyuma. Tukafika kwenye taa nyekundu, injini ikajizima yenyewe, kama magari ya siku hizi.

Ko. Ko. Ko.

“Lowri!” Nikageuka.

“Lowri yuko kwa bibi yake, mama.”

“Nani anagonga, basi?”

Emrys akakaza macho kwenye taa. Nyuma hapakuwa na kitu, ila mikanda minne imekazika, kama imefunga mtu. Taa ikawa ya kijani, injini ikawaka, sauti ikamezwa. Nikajiuliza: imekuwa ikigonga tangu tulipotoka?

“Yule mtoto wa familia iliyolirudisha,” nikasema, “alifia humu?”

“Mama yake alikuwa anaendesha,” akasema taratibu. “Alifika nyumbani ndipo akajua.”

Nikalirudisha. Gwenda alinitazama usoni tu, akaanza kumvalisha Lowri koti. Nikasema nitangoja lile la mtoto kukaa mbele. Tukarudi kwa basi, tumelowa.

Lakini gari lile halikubaki pale. Wiki mbili baadaye niliegesha kiti cha Lowri nje ya duka la dawa, nikaliona linaingia maegeshoni, baba mmoja anaendesha, redio juu. Ko, ko, ko, kutoka nyuma. Nikakimbilia dirisha lake, nikalipiga kwa kiganja.

“Zima redio! Mtoto wako!”

“Wewe mama una wazimu? Amelala huyo!”

“Fungua nyuma!”

Alifungua ili aniaibishe. Mvulana wake alikuwa na midomo ya buluu. Nikaichomoa mashine ya Lowri kwenye kiti chake, nikamfyonza mate mpaka akakohoa, akapata pumzi. Baba yake akakaa chini kwenye maji ya mvua.

“Ulijuaje?” akaniuliza.

“Nilimsikia anagonga.”

Akaushika mkono wa mwanawe.

“Dada,” akasema, “Ifan hajawahi kusogeza mkono tangu azaliwe.”

Kwa hiyo nakuomba, mzazi mwenzangu. Mpakie mwanao, mfunge mikanda yote, washa injini, ingia barabarani. Kama humsikii akigonga, usitie saini.